"Asilimia 80 wameelewa": kisa cha somo la sehemu katika Darasa la Tano

## Usuli

Kisa hiki kinatoka katika shule ya msingi ya serikali kwenye nyanda za juu za mkoa wa Mbeya, upande ule wa mvua nyingi, migomba na chai. Majina ya shule, kata na watu hayatajwi.

Darasa lina wanafunzi 58 na madawati 18, hivyo wanakaa watatu watatu, na mengine wanne. Paa ni bati tupu bila dari. Mwalimu wa Hisabati ana miaka tisa kazini. Andalio lake la somo huwa tayari kila asubuhi, madaftari yanasahihishwa, na zana anatengeneza mwenyewe. Hili lisemwe mapema, maana wengi wakisikia darasa limefeli hukimbilia kusema mwalimu hafundishi. Huyu alifundisha, tena kwa bidii. Alichokosa ni njia ya kujua, wakati kipindi kinaendelea, nani yuko naye na nani amebaki nyuma.

Mada ilikuwa kulinganisha na kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Vipindi ni vya dakika 40. Kwa wiki tatu za Februari alifundisha vipindi 12 vya mada hii, na katika maandalio 11 kati ya hayo 12, kwenye nafasi ya tathmini, kumeandikwa sentensi ileile: "Asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa somo." Walimu wengi wataitambua sentensi hii. Huandikwa kipindi kikiisha, mara nyingi ofisini, na 80 ni namba inayompendeza kila mkaguzi: si ndogo ya kutia aibu, wala si kubwa ya kutia shaka. Haikutokana na kuhesabu chochote.

## Jaribio la mwisho wa Februari

Jaribio lilikuwa na maswali kumi, yote ya sehemu. Waliopata matano au zaidi walikuwa 14 kati ya 58. Mwalimu alishtuka, kwa sababu madaftari ya zoezi ya wanafunzi haohao yalijaa vema.

Mwalimu wa taaluma alipendekeza jambo moja ambalo ndilo lililofungua kisa kizima: asitazame alama, atazame majibu yenyewe. Wakachukua swali moja tu, 1/2 + 1/3, wakapanga karatasi zote 58 mezani kwa mafungu kufuata jibu lililoandikwa.

Waliopata 5/6 walikuwa 9. Walioandika 2/5 walikuwa 31. Walioandika 2/6 walikuwa 7. Waliobaki 11 waliacha wazi au waliandika majibu yasiyofuata njia yoyote iliyoweza kutambuliwa.

Kwa alama, 2/5 na 2/6 ni kitu kimoja: kosa, sifuri. Kwa mwalimu ni watoto wawili wenye shida tofauti kabisa. Aliyeandika 2/5 amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili. Kwake 1/2 si namba moja, ni namba mbili zilizopandishana. Aliyeandika 2/6 ametafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3, akapata 6 vizuri, kisha akasahau, au hakuwahi kuelewa, kwamba asili ikibadilika kiasi nacho hubadilika. Wa kwanza anahitaji kurudishwa kwenye maana ya sehemu. Wa pili anahitaji sehemu zinazolingana: kwamba 1/2 na 3/6 ni kitu kilekile. Ukiwarudishia wote wawili somo lilelile la mwanzo kwa sauti kubwa zaidi, hujamsaidia hata mmoja.

## Kilichoonekana darasani

Mwalimu wa taaluma alikaa nyuma ya darasa kwa vipindi viwili. Hakuja kukagua, na hilo walikubaliana kabla. Alihesabu tu.

Katika kipindi cha kwanza, "Tumeelewana?" iliulizwa mara 14. Mara 14 jibu lilikuwa "Ndiyoo mwalimu!" Ni kibwagizo, kama "Shikamoo mwalimu" ya asubuhi, mtoto anayejibu hapana anavunja adabu, anachelewesha wenzake na anajitangaza kuwa mzito. Hakuna mtoto wa miaka kumi au kumi na moja atakayefanya hivyo mbele ya wenzake 57.

Kulikuwa pia na maneno ya kumaliziwa. Mwalimu: "Namba ya chini tunaiita asi…?" Darasa: "Liii!" "Kwa hiyo hapa KDS yetu ni si…?" "Taaa!" Sauti inajaa chumba na mwalimu anahisi darasa liko naye. Ila anayemalizia silabi amesikia nusu ya jibu tayari, na wanane wakiitikia kwa nguvu, hamsini wanaofungua mdomo tu hawasikiki.

Waliojibu mmoja mmoja kwa kunyoosha kidole walikuwa saba kwa vipindi vyote viwili, na ni walewale saba. Kila aliyepatia alipigiwa makofi. Makofi ni mazuri kwa aliyejibu, lakini yana hasara moja isiyosemwa: yanatangaza kwamba jibu limepatikana. Mtoto aliyekuwa bado anafikiri huacha pale pale.

Kuhusu vema vya kwenye madaftari, siri ilionekana kwenye zoezi. Maswali matano yalikuwa ya umbo moja na mfano uliokuwa bado ubaoni. Ilitosha kubadilisha namba. Na pale dawatini wanapobanana wanne, jibu husafiri kutoka mwisho hadi mwisho kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali la tano.

## Maamuzi na sababu zake

Walikubaliana wiki tano, Machi hadi mwanzo wa Aprili, kurudia mada kwa njia nyingine. Mwalimu mkuu aliridhia azimio la kazi, yaani mpangilio wa mada, lichelewe, na desimali zisubiri. Bila ridhaa hiyo kisa hiki kisingekuwepo. Mwalimu anayehesabiwa mada alizomaliza hatasimama hata akiona darasa limepotea.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuondoa "Tumeelewana?" na kuweka mahali pake swali la njia panda: swali moja linaloulizwa katikati ya kipindi, karibu dakika ya 20, ambalo jibu lake linaamua kipindi kinaelekea wapi. Kanuni ziliwekwa tatu. Wanafunzi wote wajibu kwa wakati mmoja. Mwalimu aweze kusoma majibu ndani ya dakika moja. Na, ngumu kuliko zote, kila jibu la kosa limwambie mwalimu ni kosa gani.

Pili waliweka kikomo kabla ya kuuliza: wakikosea zaidi ya 12, darasa zima linasimama na kurudia, wakikosea 12 au pungufu, wengine wanaendelea na zoezi na hao wanasogezwa mbele. Namba 12 ilichaguliwa kwa sababu ya kawaida kabisa: ndio watoto wanaoenea kwenye madawati matatu ya mbele, ambao mwalimu anaweza kukaa nao wengine wakifanya kazi. Kuweka kikomo mapema kuna maana yake. Mwalimu akishaona majibu ndipo aanze kujiuliza kama yanatosha, atajihurumia na kuendelea.

Tatu, vibao vya mkononi. Maboksi ya katoni ya madukani yalikatwa vipande 60 vya sentimita 20 kwa 25. Lita moja ya rangi nyeusi ya ubao ilitosha kupaka upande mmoja mikono miwili. Kwa unyevu wa Machi kila mkono ulichukua siku nzima kukauka. Boksi lililopakwa upande mmoja hujikunja kama ganda la ndizi, kwa hiyo vibao vililazwa usiku chini ya matofali. Kabla ya kuandikia mara ya kwanza, kila kibao kilisuguliwa chaki ubavu kwa ubavu kisha kikafutwa. Bila hivyo maandishi ya kwanza hubaki yakionekana kama kovu. Chaki moja ilivunjwa mara tatu, vipande vikakusanywa kwenye kopo kila kipindi kikiisha. Kifutio ni kitambaa kutoka nyumbani.

Amri zilikuwa tatu: "Andika", "Ficha", "Onesha". "Ficha" ndiyo kiini. Kibao kinalazwa kifudifudi juu ya dawati hadi wote wamalize, kisha vyote vinainuliwa kwa pamoja. Siku amri hiyo iliposahaulika, vibao vya dawati zima vilifanana.

Wakati vibao vinakauka walitumia vidole. Majibu manne yanaandikwa ubaoni, kidole kimoja hadi vinne, mkono umebanwa kifuani ili wa nyuma asione. Vidole ni rahisi na havigharimu kitu, ila vinafaa swali la kuchagua tu. Njia ya mtoto haionekani.

Nne, kusubiri. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe aliandika mwaka 1974 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba kusubiri kukifika sekunde tatu, majibu hurefuka na wale waliozoea kukaa kimya huanza kujitokeza. Kwa maswali ya kuandika, mwalimu huyu aliamua kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Alisema baadaye kwamba hili lilimsumbua kuliko vibao vyote, kwa sababu ukimya wa darasa humfanya mwalimu ahisi hafanyi kazi.

## Wiki tano zilivyokwenda

Swali lililodanganya. Wiki ya kwanza, kwa vidole: ipi ni kubwa, 1/2 au 3/4? Wanafunzi 51 kati ya 58 walionesha 3/4. Saba ni chini ya kikomo, kipindi kikaendelea, mwalimu akaondoka na furaha.

Kesho yake vibao vilikuwa tayari. Swali: ipi ni kubwa, 1/2 au 3/8? Waliokuwepo 57. Vibao 37 vilionesha 3/8. Mwalimu alimwomba mmoja aeleze, na maelezo yake yalikuwa safi kabisa: "Tatu ni kubwa kuliko moja, na nane ni kubwa kuliko mbili, mwalimu. Kwa hiyo tatu ya nane ndiyo kubwa." Kwa kanuni hiyohiyo 3/4 inaishinda 1/2, na jana alipata. Wenzake wengi vilevile. Swali la jana lilimpa jibu sahihi mwenye kuelewa na asiyeelewa kwa usawa, kwa hiyo halikupima kitu.

Hapa ndipo sehemu kubwa ya somo la kisa hiki ilipo, na ni kosa jepesi kufanywa na mwalimu yeyote, hata mzuri. Kabla ya kuuliza, mwalimu ajiulize: mtoto mwenye wazo potofu ninalolijua atajibu nini hapa? Kama atajibu sahihi, swali libadilishwe.

Vipande vya karatasi. Dawa ya 3/8 ilikuwa ukanda wa karatasi uliokunjwa mara moja, mara mbili, mara tatu: nusu, robo, nane. Nusu ikafunuliwa na kuonekana ni 4/8. Hapa kulitokea jambo ambalo halikupangwa. Kanda alizokata mwalimu hazikutosha, baadhi ya watoto wakachana zao, nyingine fupi sana. Msichana mmoja akainua kanda mbili, yake na ya jirani: "Mwalimu, huku tatu ya nane imeishinda nusu." Alikuwa sahihi, nusu ya ukanda mfupi ilikuwa ndogo kuliko 3/8 ya ukanda mrefu. Mwalimu angeweza kumnyamazisha. Alizibandika zote mbili ubaoni akauliza darasa kuna nini. Baada ya ukimya mrefu mvulana wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa katika wale saba, alisema: "Hazilingani urefu toka mwanzo." Sehemu hulinganishwa ikiwa kizima ni kilekile. Jambo hilo halikuwemo kwenye andalio lolote kati ya yale 12.

Ndoo na sado. Kwa wale 31 wa 2/5, mwalimu alileta ndoo ya lita 20 na sado la lita 4, vyombo ambavyo kila mtoto anavijua kutoka sokoni na bombani. Walipima: masado matano yanajaza ndoo. Kwa hiyo sado moja ni 1/5 ya ndoo. Nusu ya ndoo, lita 10, ikawekewa alama ya chaki kwa nje. Kisha akaandika ubaoni jibu lao wenyewe: 1/2 + 1/3 = 2/5. Akamwaga masado mawili kwenye ndoo tupu, lita 8, akamwita mtoto achungulie na kuonesha maji yamefika wapi.

"Tulianza na nusu. Tukaongeza theluthi. Sasa maji yako wapi?"

"Yako chini ya alama, mwalimu."

"Tumeongeza, yamepungua?"

Hakujibu mtu. Mwalimu naye hakujibu. Aliacha wakae na swali hilo, kisha akaagiza kila mmoja aandike kwenye kibao kama 2/5 inaweza kuwa jibu, ndiyo au hapana. Vibao 49 vilisema hapana. Hawakuwa bado wanajua jibu sahihi ni lipi, lakini walijua la kwao haliwezekani, na mtoto aliyefika hapo anasikiliza KDS kwa masikio mengine.

Mvua. Wiki ya tatu mvua ilinyesha vipindi vitatu mfululizo. Chini ya bati tupu sauti ya mwalimu haifiki dawati la pili. Kabla ya hapo vipindi vya namna hiyo vilikuwa vya kunakili tu. Sasa swali liliandikwa ubaoni, mkono ukainuliwa kuwa ishara ya "Onesha", na kipindi kikaendelea. Vibao vilipata heshima siku hizo hata kwa walimu wa madarasa jirani.

Vijiti vya majina. Vijiti 58 vya mwanzi, kila kimoja jina, kwenye kopo; mwalimu anauliza, anachomoa, anaita. Siku ya pili alichomolewa mvulana ambaye hakuwa na jibu. Alisimama kimya, wenzake wakacheka, akaambiwa akae. Siku mbili zilizofuata alihamia dawati la mwisho na kuinamisha kichwa kila kopo lilipotikiswa. Utaratibu ukabadilishwa: kwanza wote waandike kwenye vibao, ndipo kijiti kichomolewe, na anayeitwa asome alichoandika. Akikwama, mwalimu anasema "Nitarudi kwako, mwanangu," anasikiliza wawili wengine, kisha anarudi kweli. Kurudi ni lazima. Asiporudi, mtoto hujifunza kwamba kunyamaza kunatosha.

Swali la njia panda lililotungwa vizuri. Wiki ya nne: ipi ni kubwa kuliko zote, 1/2, 2/3, 3/8 au 4/9? Anayefuata ukubwa wa namba atachagua 4/9. Aliyeshika nusu ya somo, kwamba asili ndogo ni vipande vikubwa, na kusahau kuangalia idadi ya vipande, atachagua 1/2. Majibu ya wanafunzi 57: 2/3 walikuwa 34, 4/9 walikuwa 15, 1/2 walikuwa 7, 3/8 mmoja. Waliokosea 23, zaidi ya kikomo. Kipindi kilisimama. Waliotofautiana kwenye dawati moja walipewa dakika nne waelezane, kila mmoja aseme kwa nini, kisha swali jipya lenye namba nyingine: 1/3, 3/4 na 5/12. Safari hii 46 walipata. Waliobaki 11 wakasogea mbele. Ilichukua dakika tisa, na zoezi la siku hiyo likawa maswali mawili badala ya matano.

Kuanzia siku hiyo nafasi ya tathmini kwenye andalio ilibeba hesabu hizo badala ya asilimia 80.

Vikaratasi vya kutokea. Robo ya karatasi, swali moja, dakika tano za mwisho, kinakabidhiwa mlangoni. Mara ya kwanza mwalimu alisahihisha vyote 58 kwa kalamu nyekundu, akatoa alama na kurudisha. Ilimla karibu saa nzima, na siku ya tatu aliacha. Alirudi wiki ya nne kwa namna nyepesi: hakuna vema wala alama, ni kupanga mafungu matatu tu, wenye jibu na njia, wenye kosa linalotambulika, na wasioeleweka. Dakika kumi zinatosha, mara mbili kwa wiki. Fungu la pili ndilo linaloamua kesho aanze na nini.

## Matokeo

Jaribio la pili lilikuwa la umbo lilelile kwa namba tofauti, waliokuwepo 57. Waliopata matano au zaidi walikuwa 36, kutoka 14. Kwenye swali 1/4 + 2/3, waliopata 11/12 walikuwa 38. Walioandika 3/7, kosa la kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, walikuwa 6. Walioandika 3/12 walikuwa 8. Wengine 5.

Mtihani wa muhula wa Juni ulikuwa na swali la aina hiyo, na 33 kati ya 58 walilipata. Kwenye fumbo la maneno lenye hesabu ileile ndani yake, waliopata walikuwa 19.

## Uchambuzi

Darasa lilipata pia muda wa ziada, wiki tano juu ya zile tatu. Sehemu ya mafanikio ni ya muda huo, na kwa darasa moja haiwezekani kuzitenganisha. Ila kosa lililokuwa na watoto 31 kushuka hadi 6 si kazi ya muda peke yake. Lilishuka kwa sababu lilitambuliwa kwa jina lake na kupelekewa ndoo.

Kilichobeba kazi zaidi si vibao. Ni kutunga swali. Kuna madarasa yenye vibao yanayouliza 1/2 au 3/4 kila siku na kufurahi. Mwalimu huyu alianza kutumia dakika kumi za maandalizi kutunga swali moja, akianza na kosa: anaandika kwanza jibu la mtoto aliyepotea, kisha anatafuta namba zinazolifanya jibu hilo lionekane. Mwalimu asiye na uzoefu wa makosa ya mada anayo hazina tayari, madaftari ya mwaka jana na karatasi za majaribio zilizofungwa kabatini.

Kikomo cha 12 nacho kilifaa, ingawa mwalimu wa taaluma alikihofia mwanzoni kwa ajili ya azimio la kazi. Kati ya maswali tisa ya njia panda, manne yalisimamisha kipindi. Pale palipopita bila kusimama, mwalimu aliokoa muda ambao zamani angeutumia kurudia walichokwisha kukijua.

Vijiti vilifanya kazi nusu. Vilivunja utawala wa wale saba, lakini vilimfundisha mtoto mmoja kujificha, na marekebisho yalikuja baada ya madhara. Vingeanza na vibao toka siku ya kwanza.

Wale watano wa "wengine", na watatu kati ya wale sita wa 3/7, vibao vilionesha jambo jingine: 3 × 4 = 7. Shida yao ni kuzidisha, na hakuna namna ya kufundisha KDS itakayowafikia kabla ya jedwali. Walipangiwa dakika 15 za jedwali kila asubuhi kabla ya mstarini, na ilikuwa imechelewa kwa mada hii.

Kushuka kutoka 38 hadi 33 mwezi Juni kunaeleweka: baada ya Aprili sehemu hazikuulizwa tena hadi siku ya mtihani. Swali moja la sehemu kwenye vibao kila wiki, dakika tatu za mwanzo wa kipindi cha desimali, lingegharimu kidogo sana. Fumbo la maneno halikuwahi kuulizwa kwenye kibao hata mara moja kwa wiki zote tano. Maswali yote ya njia panda yalikuwa ya namba tupu, na matokeo ya 19 yamefuata hapo.

Dosari kubwa ni lile fungu la 2/6. Februari lilikuwa na watoto 7. Aprili, kama 3/12, lilikuwa na 8. Sita kati ya hao wanane walikuwa katika wale 31 wa 2/5 mwanzoni. Walitoka kosa la kwanza wakaingia la pili: waliacha kujumlisha asili, wakatafuta KDS vizuri, wakafika 12, kisha wakajumlisha 1 na 2 za mwanzo. Fungu hili lilionekana mezani siku ile ya kwanza, likatajwa, na halikutungiwa swali lolote, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye lile kubwa la 31. Swali ambalo lingewakamata kabla ya kufika kujumlisha ni fupi: 1/4 ni sawa na ngapi ya 12, 1/12, 3/12 au 9/12? Aliyeandika 1/12 ndiye huyo. Mwalimu ameliweka sasa kwenye andalio la kipindi cha nne cha mada, pamoja na ukanda wa karatasi uliokunjwa vipande 12 sawa, kwa ajili ya darasa linalokuja.